Noti Zilizopigwa Pasi

"Mfalme huyu akikaa kwa Mama Mkaa anakuwa mtu wetu kabisa," Mama Buluu alimwambia mumewe, akaiinua noti mwangani. "Hebu mtazame, Dobi. Mweusi kunipita mimi."

Dobi alikuwa akipuliza makaa ndani ya pasi. Aliinua macho, akacheka mpaka majivu yakamwingia puani. Kweli, kichwa cha mfalme wa ng'ambo kilikuwa kimekula masizi hata taji halijulikani na nywele hazijulikani. Na hiyo ilikuwa noti moja tu. Meza nzima ya kupigia pasi ilitandazwa noti, chafu kila moja kwa namna yake. Za Mama Mkaa, muuza makaa, zilikuwa na masizi. Za Fundi Viatu zilinuka gundi na rangi ya ngozi, nyingine zimeshikana mbili mbili. Za Koplo, mzee aliyestaafu uaskari, zilikuwa na ukungu kwa sababu alizikalia miezi kadhaa chini ya paa linalovuja kabla hajakubali kumkabidhi mtu.

Mtaa ulikuwa ukiweka fedha kwa Dobi kwa sababu ya mifuko. Kabla ya kuloweka nguo yoyote, Dobi huugeuza kila mfuko nje, na chochote anachokikuta, iwe senti, kifungo, au barua ya mapenzi isiyofaa kuonwa na mwenye nyumba, hukirudisha kwa mwenyewe bila neno. Watu wakaona, mtu anayerudisha senti iliyosahauliwa hawezi kula noti aliyokabidhiwa. Akaja mmoja, akafuata mwingine. Kila furushi lilifungwa kwa kitambaa chenye alama ya uzi mwekundu, alama ile ile ambayo Dobi humshonea mwenyewe kwenye ukosi wa shati lake, na mafurushi yote yalilala kwenye sanduku la wanga. Fundi Viatu alikuwa akiweka akiba ya cherehani ya kushonea ngozi. Mama Mkaa alitaka mkokoteni wake mwenyewe aache kukodi. Koplo alitaka mabati.

Sasa redio ilikuwa imetangaza. Nchi imepata benki yake kuu. Noti za zamani, zilizokuwa zikichapwa na bodi ya watu waliokaa ng'ambo na wasiowahi kukanyaga hapa, zitakoma kuwa fedha mwisho wa mwezi. Kila mwenye nazo azipeleke apewe mpya, moja kwa moja, bila kukatwa.

"Benki ya mabenki," asubuhi ile Fundi Viatu alirudia maneno ya gavana wa benki hiyo, redio ikiwa kwapani. "Ndiyo kitu gani hicho?"

"Ni mama mkwe wao," alisema Koplo. "Mabenki yakifanya upuuzi, anayaita sebuleni, anayakalisha mkekani."

"Na yakifilisika?"

"Anayakopesha. Lakini kwa maneno mengi."

Walicheka, wakaenda zao. Kilichobaki uani ni uvumi ulioletwa na mwanamke mmoja kutoka sokoni, kwamba karani wa benki mpya amemtupia mtu noti zake usoni kwa uchafu. Mama Buluu alikaa nao uvumi ule tangu asubuhi. Mikono yake, iliyotiwa rangi na buluu ya kufulia miaka mingi, haikutulia.

"Tutaaibika," alisema. "Serikali yetu wenyewe, mara ya kwanza inatuita, tunaiendea na takataka hizi? Na sisi ndio madobi?"

"Unataka nini?"

"Nizipitishe majini kidogo. Magadi, dawa ya madoa tone tone, wanga mwepesi. Wewe utanyoosha."

Dobi aliiangalia noti ya Koplo, ukungu umeota kwenye shingo ya mfalme kama upele. Alifikiri kidogo sana. "Za kwetu ziache," alisema, "za kwetu ni safi. Na wanga usiwe mwepesi. Ukiwa mwepesi zitalegea."

Basi wakazifua. Mama Buluu alizisugua juu ya kiganja kwa kidole kimoja, kama mtu anayemnawisha mtoto uso, furushi baada ya furushi, asichanganye la huyu na la yule. Dobi alipiga pasi juu ya shuka nyeupe. Zilitoka ngumu, tambarare, zikilia kama karatasi ya zawadi. Rangi ilikuwa imepauka, na kwenye noti mbili tatu mfalme alipoteza macho, lakini Dobi aliziona nzuri. Aliziita nzuri kwa mdomo wake.

"Mke wangu," alisema, "hata aliyezichapa hakuzinyoosha hivi."

*

Benki ilikuwa imewekwa kwenye jengo lililokuwa ghala la forodha. Rangi ya ukutani ilikuwa bado inashika mkono. Walikuwa wameweka madirisha yenye nondo za shaba, na mbele ya kila dirisha kamba, na mbele ya kila kamba watu. Wale watatu walikuja pamoja na Dobi na mkewe. Hawakuwa na haja ya kuja, fedha alizibeba Dobi, ila walitaka kuiona benki yao. Mama Mkaa alikuwa amevaa viatu. Koplo alisimama wima muda wote kama anakaguliwa.

Dobi alivaa shati jeupe la kazi ya mkono wake. Alipofika dirishani, aliyapanga mafurushi mbele ya karani, la kwake la mwisho, kwa adabu.

Karani alilifungua la kwanza. Akaishika noti, akaigeuza. Akaisugua kwa kidole gumba, wanga ukadondoka mezani kama unga.

"Mzee, hizi zimefanywa nini?"

"Zimesafishwa, mwanangu."

Karani hakucheka. Aliiinua noti mwangani, akaishusha, akachukua nyingine. Akagonga kengele ndogo. Akaja msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliangalia noti, halafu akamwangalia Dobi, mkono wake, ukosi wake, mkunjo wa shati lake ulionyooka kama kisu.

"Wewe unafanya kazi gani, baba?"

"Dobi, mama."

Uso wa msimamizi ulilegea. Alivuta kiti, akaketi, akachukua kalamu. "Aaa, dobi. Basi zilisahauliwa mfukoni, zikaingia majini pamoja na nguo. Bahati mbaya hiyo inatokea. Si ndivyo?"

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Dobi alitakiwa aseme ndiyo, aondoke na fedha za watu.

Nyuma, kwenye foleni ya dirisha la pili, kuna mtu alicheka. Alikuwa mwandishi wa ofisi ya ardhi, ambaye Dobi humfulia suruali kila wiki. "Kumbe siku hizi Dobi anafua na mifuko!" alisema kwa sauti. "Ndiyo maana kitambulisho changu sikioni." Watu wakacheka, kwa wema tu, kama watu waliochoka kusimama wanavyochekea chochote.

Shingo ya Dobi ilipata moto. "Mimi, mama," alisema, na sauti yake ikapanda ili ifike dirisha la pili, "tangu nianze kazi hii sijaloweka mfuko bila kuugeuza. Hata mmoja. Hawa hapa nyuma yangu, waulize."

"Sikuulizi habari ya kazi yako, baba. Nakuuliza habari ya noti."

"Basi hazikusahauliwa mfukoni."

"Zilifuliwaje?"

Mama Buluu alimvuta shati kwa nyuma. Dobi aliuhisi mvuto ule. Baadaye alikumbuka kwamba aliuhisi vizuri kabisa.

"Mke wangu huyu ndiye aliyezifua," alisema Dobi.

Msimamizi aliiinua kalamu. Alisema polepole sana, kama anayemsubiri mtu avuke barabara, "Kwa bahati mbaya?"

Koplo alikohoa nyuma. Alikohoa tena.

"Makusudi, mama. Kwa dawa ya madoa, zing'ae. Mimi mifuko nageuza."

Msimamizi aliiweka kalamu chini. Alimtazama Mama Buluu, akaitazama mikono yake iliyoshika ukingo wa dirisha, akatoa pumzi. Kisha akasema yale ambayo kazi yake ilimtaka aseme. Noti iliyoharibika kwa ajali benki inailipa. Noti iliyotiwa dawa kwa makusudi hailipwi, inashikiliwa, na mwenyewe ashukuru asipofikishwa mbele ya sheria. Aliita mlinzi. Mafurushi matatu yalitiwa kwenye mfuko wa turubai, yakafungwa kwa lakiri ya risasi.

Likabaki la nne. Karani alilifungua, akazihesabu zile noti safi ambazo hazikuguswa na maji, akampa Dobi noti mpya, moja kwa moja, bila kukatwa. Badala ya mfalme zilikuwa na picha ya jembe na kitabu.

"Za kwake zimepita," alisema Mama Mkaa, kwa mshangao tu, kama mtu anayesoma kibao kwa sauti.

*

Walirudi kwa miguu. Mama Mkaa alivua viatu njiani, akavibeba mkononi. Walipoingia uani, kwenye bomba na kamba za nguo, Fundi Viatu ndiye aliyeanza.

"Dobi, mimi si mtu wa makelele. Unanijua."

"Nakujua, ndugu yangu."

"Ile cherehani mwenye nayo nilishamshika mkono. Nitamwambia nini? Kwamba fedha yangu ilikuwa safi mno?"

"Mimi sikukwambieni mnioshee," alisema Mama Mkaa. "Masizi yale ni yangu. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Nani aliwaambia yananikera?"

Koplo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mimi sisemi kitu," alisema. "Nasema tu kwamba za kwako zilipona. Silaumu. Nasema zilipona."

Mama Buluu ndiye aliyenyoosha mkono, akamtoa Dobi zile noti mpya mfukoni, akazigawa mafungu matatu juu ya meza ya pasi. Hazikufika hata robo ya zilizopotea.

"Shikeni hizi kwanza," alisema. "Zilizobaki ni deni langu. Nguo zenu tutafua bila malipo. Na mimi nitaenda kuomba kazi hotelini, kule wanafua kwa mashine, wanatafuta mikono."

"Deni lako wewe?" Mama Mkaa aliuliza.

"Si nimeambiwa ndiye niliyefua?"

Walichukua mafungu yao. Fundi Viatu alipofika mlangoni alirudi, akachukua shati lake lililokuwa kambani, bichi bado, akaondoka nalo likichuruzika maji.

Wakabaki wawili. Makaa ya asubuhi yalikuwa yamezimika ndani ya pasi. Dobi aliyakung'uta ingawa hayakuwa na haja ya kukung'utwa.

"Ningesema nini?" aliuliza. "Nidanganye mbele ya serikali?"

"Yule mama alikufungulia mlango. Alikuwa amekushikia kabisa na kitasa."

"Jina langu ni lile, mke wangu. Mifuko. Mtaa mzima ulikuwa nyuma yangu."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Dobi aliendelea kuikung'uta pasi.

"Kama ni ukweli ulioutaka," alisema Mama Buluu, akianza kuanua nguo, "ungeumaliza. Ungesema na nani alipiga pasi. Nani alitaka wanga uwe mzito."

*

Alirudi benki wiki iliyofuata. Hapakuwa na foleni tena, muda ulikuwa umekwisha, na dirisha moja tu lilikuwa wazi. Alimngoja msimamizi kwenye benchi mpaka saa ya chakula. Mama yule alimkumbuka, akamwingiza kwenye chumba kidogo nyuma, chenye meza, kabati la chuma, na dirisha lililotazama ua wa ndani.

"Nimekuja kubadili neno langu, mama," alisema Dobi. "Zile noti zilisahauliwa mfukoni. Mimi ndiye niliyesahau."

Msimamizi alivua miwani. "Siku ile hukusema hivyo."

"Siku ile nilikuwa na aibu."

"Ya nini?"

"Ya kazi."

Mama yule aliinamia meza. "Baba, nikuambie kitu. Noti ni karatasi. Kilichomo ndani yake ni neno letu tu, kwamba atakayeileta hapa hatafukuzwa. Zamani neno hilo lilikuwa la watu wa mbali. Wakiamua wao huko, sisi huku tunasikia kwenye redio. Sasa ni letu. Benki nyingine ikikwama inakuja kwetu. Sisi tukikwama hatuna pa kwenda. Hakuna aliye nyuma yetu. Kwa hiyo kilichokwisha kusemwa dirishani, mbele ya watu, siwezi kukigeuza kwa sababu nimekuonea huruma. Na nimekuonea. Leo nikilipa noti iliyotiwa dawa, kesho ataletwa mtu aliyefuta noti ndogo akaichapa kubwa. Ataniuliza, mbona Dobi ulimlipa?"

"Tuliona haya kuzileta chafu," alisema Dobi.

"Chafu?"

"Tulisikia mnazikataa."

Msimamizi akamwonyesha dirisha. Uani, watu wawili walikuwa wakimwaga magunia ndani ya tanuru la chuma, na mdomo wa tanuru ulikuwa ukila. Noti zile zilikuwa za kila uchafu, za mafuta, za damu ya samaki, za tope, zilizochanika na kushonwa kwa uzi. Nyingine zilikuwa nyeusi tititi.

"Hiyo ndiyo kazi yetu," alisema. "Tunachukua chafu, tunatoa safi. Uchafu hatujaukataa hata siku moja. Mngezileta vile vile zilivyokuwa."

Dobi alizitazama zile nyeusi mpaka gunia likaisha. Akamshukuru yule mama, akashika kofia yake, akapotea mara mbili ndani ya jengo kabla hajauona mlango wa kutokea.

*

Hotelini walimpa Mama Buluu kazi. Alitoka alfajiri, akarudi jioni, na baada ya miezi michache mikono yake ikaanza kurudi rangi yake, kwa kuwa kule mashine ndiyo iliyotia buluu. Watu wakaendelea kumwita jina lile lile. Kila mwisho wa mwezi aliketi kwenye ngazi ya mlango, na wale watatu walikuja mmoja mmoja, naye akawapa sehemu ya deni mkononi. Dobi alikuwa ndani, akinyoosha. Hawakumsema vibaya. Walimpa nguo za kufua kama walivyoahidiwa. Tofauti ilikuwa ndogo tu: kila mmoja aliigeuza mifuko mwenyewe kabla ya kumkabidhi, huku akiongea habari nyingine, kama jambo lisilo na maana.

Na usiku, mkewe alilala akiutazama ukuta, bila ugomvi. Alimwekea chakula, alimuuliza hali ya kifua kilichomsumbua kwa moshi wa pasi. Dobi angependa agombezwe.

Mwezi mmoja alishindwa kuvumilia. Ilikuwa jioni, wote watatu wamekutana uani kwa wakati mmoja, Mama Mkaa akichota maji bombani, na mafundi wa jirani na wake zao wapo. Mama Buluu alikuwa ameanza kulipa. Dobi akatoka ndani, shati lake jeupe limelowa jasho, akasimama katikati ya kamba za nguo.

"Nataka mnisikie," alisema. "Zile noti zilisahauliwa mfukoni. Ni mimi niliyesahau. Nilifua bila kugeuza mfuko. Mke wangu hana kosa."

Alikuwa hajawahi kusema maneno magumu kama hayo maishani mwake. Alisubiri wamcheke, na alikuwa tayari kuchekwa.

Hakuna aliyecheka. Maji yaliendelea kuingia ndooni. Fundi Viatu alitazama chini, akafuta vidole vyake kwenye aproni ingawa vilikuwa vikavu.

"Mfuko wa nani, Dobi?" alisema mwisho, taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. "Fedha tulikupa mkononi. Na siku ile tulikuwa nyuma yako."

"Nilikuwa nimesimama hapa hivi," alisema Koplo, akionyesha kwa kiganja umbali mdogo. "Nilikukoholea."

Dobi akamgeukia mkewe. Mama Buluu alikuwa na noti mpya mkononi, bado hajampa mwenyewe. Alimtazama mumewe kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, na uso wake haukuwa na hasira. Alimtazama kama vile mtu anavyotazama noti ya mfalme iliyookotwa nyuma ya kabati baada ya tarehe kupita. Ni noti kweli, haina kasoro, ila hakuna dirisha litakaloipokea.

"Ingia ndani, mume wangu," alisema. "Umelowa, utapata baridi."

Akampa Mama Mkaa fedha yake. Mama Mkaa aliipokea kwa mkono mweusi wa masizi, akaikunja mara nne, akaitia kifuani, akajitwisha ndoo.